Nani Aijaribu Tovuti? Uteuzi wa Washiriki wa Majaribio ya Utumikaji: Mfano wa Ndundu, Kibiti na Delta ya Rufiji

1.0 Utangulizi

Katika miongo miwili iliyopita huduma nyingi ambazo mwananchi wa Tanzania alizifuata kwenye kaunta ya ofisi zimehamia katika tovuti. Cheti cha kuzaliwa, leseni ya biashara, maombi ya kazi na maombi ya mkopo wa elimu ya juu vyote hupitia mtandaoni. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliupa mwelekeo huo nguvu ya kisheria. Kwa hiyo, swali la kwamba tovuti fulani inatumika kwa urahisi au haitumiki limeacha kuwa la wataalamu wa kompyuta peke yao. Ni swali la nani anapata haki yake na nani anaikosa.

Mhadhara huu unajadili hatua moja tu ya kulijibu swali hilo, yaani uteuzi wa watu wa kuijaribu tovuti kabla haijatolewa kwa umma. Jaribio la utumikaji ni utaratibu ambao mtu hupewa kazi halisi ya kufanya katika tovuti, naye mtafiti huketi pembeni na kutazama anapofaulu, anapokwama na anapopotea. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241, sehemu ya 11, kilichotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2018, huueleza utumikaji kwa kutaja watumiaji mahususi, malengo mahususi na mazingira mahususi. Maana yake ni kwamba hakuna tovuti iliyo rahisi kutumika hivi hivi. Ni rahisi kwa fulani, katika jambo fulani, mahali fulani. Pasipo kumtaja huyo fulani, neno "rahisi" halina maana.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kwa tovuti ya Kiswahili, kumteua mshiriki ni kuteua Kiswahili kitakachopimwa. Eneo la mfano ni Ndundu na vijiji vya delta ya Mto Rufiji, katika Mkoa wa Pwani.

2.0 Somo kutoka historia ya Kiswahili

Wanafunzi wa isimu hawana sababu ya kuliona suala hili kuwa geni. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake, iliyochapishwa mwaka 1882 baada ya kifo chake, ilisimama kwa kiasi kikubwa juu ya Kimvita. Edward Steere alifanya kazi yake Unguja, na kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870 kilisimama juu ya Kiunguja. Wote wawili walikusudia kuieleza lugha ya Kiswahili. Kilichoyatofautisha maandishi yao, pamoja na mengine, ni watu waliowauliza.

Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Katika miaka yake ya mwanzo Kamati hiyo haikuwa na mjumbe Mwafrika. Vitabu vya shule viliidhinishwa na wasiokuwa wasemaji wazawa wa lugha, na malalamiko kuhusu Kiswahili cha vitabuni yalidumu kwa miaka mingi.

Wanaisimu wa lahaja wa Ulaya nao walikumbana na jambo hilo hilo. Edmond Edmont, aliyeikusanyia data Atlasi ya Lugha ya Ufaransa kati ya mwaka 1897 na 1901, aliwahoji watu wapatao 700. Wanawake walikuwa takribani 60 tu. J. K. Chambers na Peter Trudgill walionyesha mwaka 1980 kwamba watafiti wa lahaja kwa jumla walipendelea wanaume, wazee, wakazi wa mashamba na wasiohamahama. Uteuzi huo ulifaa kwa aliyetafuta maumbo ya kale. Haukufaa kwa aliyetaka kujua lugha inavyotumika leo.

Somo ni moja katika mifano yote: mtoataarifa hafai wala hakosi kufaa kwa nafsi yake. Hufaa kwa swali.

3.0 Ndundu na delta

Ndundu ni jina linalojulikana kwa kila msafiri wa zamani wa barabara ya kusini. Hapo ndipo magari yalipongoja pantoni ya kuvukia Mto Rufiji, wakati mwingine kwa siku nzima, hadi Daraja la Mkapa lenye urefu wa takribani meta 970 lilipofunguliwa mwaka 2003. Kaskazini mwa mto ipo Kibiti, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji na sasa ni wilaya kamili. Upande wa mashariki mto hugawanyika katika matawi mengi yanayopita kwenye misitu ya mikoko, yenye ukubwa unaokadiriwa kuwa hekta 53,000, kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Katika matawi hayo kuna vijiji kama Mbuchi, Kiongoroni, Msala na Salale, ambako usafiri mkuu ni mtumbwi na boti, na kazi kuu ni mpunga na uvuvi.

Kiisimu, eneo hili ni la Kindengereko, Kirufiji na Kinyagatwa, pamoja na Kimatumbi kinachotoka upande wa kusini. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulizionyesha lugha za nchi katika atlasi yake ya mwaka 2009, na Eva-Marie Ström alikieleza Kindengereko katika tasnifu aliyoitoa Gothenburg mwaka 2013, akionyesha jinsi wasemaji wanavyohamia Kiswahili. Hii ni pwani, na Kiswahili si mgeni. Watu wanakisema nyumbani, sokoni na msikitini. Ndiyo maana mbuni wa tovuti aliyeko Dar es Salaam au Dodoma huweza kudhani kwamba akiandika kwa Kiswahili amekwisha kumfikia mkazi wa Mbuchi. Dhana hiyo inahitaji kupimwa.

4.0 Mtumiaji ni nani?

Kosa la kwanza katika uteuzi ni kumtafuta mshiriki kabla ya kumtambua mtumiaji. Mfano wa kuombea mkopo wa elimu ya juu utaonyesha ugumu wake. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na maombi yake hufanywa mtandaoni katika muda uliowekwa kila mwaka. Mwombaji hutakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, mdhamini, na fomu iliyotiwa saini na viongozi wa mahali anapoishi, kisha kurasa zilizosainiwa hupelekwa tena mtandaoni. Dirisha likifungwa, aliyekosea hungoja.

Tuseme tovuti ya kazi ya namna hiyo inaandikwa upya kwa Kiswahili, na inatakiwa ijaribiwe. Kwa karatasi, mtumiaji ni kijana aliyemaliza kidato cha sita. Lakini kijana wa kijiji cha delta asiye na kompyuta husafiri hadi Kibiti au Ikwiriri, huingia steshenari, na kuketi kando ya kijana mwingine ambaye ndiye anayebofya na kuandika. Mzazi wake ndiye mwenye majina, tarehe na kadi, na mara nyingi yuko kwenye simu akiulizwa. Basi watumiaji ni watatu: mwenye shida, mwenye kibodi na mwenye taarifa.

Kila mmoja huona tovuti tofauti. Mwenye steshenari amejaza fomu nyingi, anajua kila kitufe kilipo, na matatizo mengi ameshayazoea hata hayaoni tena. Mwombaji huona maneno kwa mara ya kwanza. Mzazi haioni skrini kabisa. Huisikia tovuti kwa njia ya maswali anayosomewa. Mtafiti akimteua mwenye steshenari peke yake, atapata matokeo mazuri yasiyo ya kweli. Akimteua kijana peke yake na kumketisha mbele ya kompyuta asiyoitumia kwa kawaida, atapima hofu ya kibodi. Uteuzi unaofaa katika mazingira haya ni wa jozi: mwombaji na mjazaji wake pamoja, kama wanavyofanya kazi kila siku, na baadhi ya vikao vimhusishe mzazi kwa simu.

5.0 Sifa za kuteulia

Baada ya mtumiaji kutambuliwa, sifa za mshiriki hupangwa kwa umuhimu wake katika kazi inayopimwa. Umri, jinsia na elimu huandikwa mwanzo katika madodoso mengi kwa mazoea tu. Sifa zifuatazo hutangulia.

Ya kwanza ni uhusiano na kazi. Mshiriki awe mtu ambaye ana haja ya jambo hilo sasa, au amekuwa nayo karibuni. Mtu asiye na mtoto wa kupeleka chuoni atajaza fomu ya mchezo, na kwenye mchezo hakuna anayehangaika kusoma sharti lililoandikwa kwa herufi ndogo.

Ya pili ni chombo. Anayetumia simu janja yenye kioo kidogo na kununua kifurushi cha siku haitumii tovuti kama anayetumia kompyuta ya ofisi. Mshiriki ajaribu kwa chombo chake mwenyewe na, ikiwezekana, mahali anapokitumia.

Ya tatu ni kusoma. Katika pwani hii wako watu wazima ambao hawakukaa sana shuleni lakini walisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na wanazijua herufi za Kiarabu vizuri kuliko za Kirumi. Swali la "unajua kusoma na kuandika?" huwaweka katika fungu lisilowaeleza. Mtu huyo si mbumbumbu. Ni msomaji wa maandishi mengine, na makosa yake katika tovuti yatakuwa ya namna yake.

Ya nne, ambayo ndiyo kiini cha mhadhara huu, ni rejista ya Kiswahili aliyonayo. Mfano mwepesi ni vitenzi viwili vinavyoonekana katika karibu kila tovuti ya Kiswahili: "pakia" na "pakua". Mwanafunzi wa chuo anavijua kama tafsiri ya istilahi za Kiingereza, na mwelekeo wake ameukariri. Mkazi wa delta anavijua zaidi ya hapo: kupakia ni kuweka shehena chomboni, na kupakua ni kuitoa, au kuteka chakula chunguni. Ukimwambia "pakia cheti chako", swali la haki kwake ni chombo kipi. Akiiona tovuti kuwa ndiyo chombo, atakipeleka cheti kwenye tovuti, naye atakuwa sahihi. Akiiona simu iliyo mkononi mwake kuwa ndiyo chombo, "pakia" itakuwa ni kukiingiza cheti katika simu, na atafanya kinyume kabisa cha alichotakiwa. Mantiki yake haina kasoro. Kasoro iko katika agizo lisilotaja chombo.

Neno "hifadhi" nalo lina historia mahali hapa. Kwa mbuni ni kuweka kazi isipotee. Kwa anayeishi kando ya msitu wa mikoko, neno hilo huja pamoja na mipaka, vibali na makatazo. Haimaanishi kwamba atashindwa kubofya. Inamaanisha kwamba mbuni hawezi kujua bila kumtazama. Jambo hilo haliwezi kugunduliwa kwa kumteua mshiriki ambaye tayari anaijua istilahi.

Istilahi za kompyuta kwa Kiswahili zimetungwa kwa bidii kubwa. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionyesha kwamba inawezekana kuifanya kompyuta izungumze Kiswahili. Lakini kutunga istilahi na kuijaribu istilahi ni kazi mbili. Ya kwanza huhitaji wataalamu mezani. Ya pili huhitaji wasiokuwa wataalamu, tena waliochaguliwa kwa uangalifu zaidi.

6.0 Dodoso la mchujo

Washiriki huchujwa kwa maswali mafupi. Kanuni yake ni kuuliza matendo na kuacha sifa. Swali "je, wewe ni mzoefu wa intaneti?" hujibiwa kwa unyenyekevu na anayejua sana, na kwa ujasiri na anayejua kidogo. Afadhali kuuliza: "Mara ya mwisho ulipotaka kupata matokeo ya mtihani au kujaza fomu, ulifanyaje? Ulifanya mwenyewe au ulifanyiwa? Kwa simu ya nani?" Majibu ya maswali hayo yana watu, mahali na vitu, na mtafiti huweza kuyapima.

Aidha, dodoso lisifichue jibu linalotafutwa. Mtu akitambua kwamba wanatakiwa wenye kuomba mkopo, na kwamba kuna nauli na chakula, kila kijana wa kitongoji atakuwa mwombaji. Maswali yachanganywe na mambo mengine ya maisha ya kila siku. Na dodoso liulizwe kwa mdomo, kwa maana dodoso la kuandika huwatoa nje wale wale ambao jaribio linawahitaji.

7.0 Idadi

Swali linaloulizwa kila mara ni: washiriki wangapi? Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha mwaka 1993 kwamba, kwa wastani wa miradi waliyoichunguza, mshiriki mmoja hufichua takribani asilimia 31 ya matatizo, na kwa hesabu hiyo washiriki watano hufichua karibu asilimia 85. Tangu Nielsen alipoieneza kauli hiyo mwaka 2000, "watano wanatosha" imekuwa kama methali. Jared Spool na Will Schroeder waliipinga mwaka 2001 baada ya kupata katika tovuti kubwa kwamba watano waliona asilimia 35 tu. Laura Faulkner mwaka 2003 alionyesha kwamba baadhi ya makundi ya watu watano yalipata karibu matatizo yote na mengine asilimia 55 tu. Kwa makundi ya watu kumi, kundi la chini kabisa lilipata asilimia 80.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tatizo linalompata mtu mmoja katika kila kumi litawakwepa washiriki watano kwa uwezekano wa asilimia 59. Lakini jambo zito zaidi halionekani katika hesabu hiyo, kwa kuwa hesabu hudhani kwamba kila kundi lina nafasi ya kuteuliwa. Ikiwa wakazi wa delta hawamo kabisa miongoni mwa wanaoitwa, uwezekano wa kuyaona matatizo yao ni sifuri, hata washiriki wawe mia. Kuongeza idadi hakuponyi uteuzi mbaya.

Eneo la Rufiji linajulikana katika utafiti kwa njia iliyo kinyume na hii. Tangu mwaka 1998 mfumo wa ufuatiliaji wa afya na idadi ya watu ulipita kaya kwa kaya katika vijiji vya kaskazini mwa mto, ukiandika vizazi, vifo na uhamaji wa makumi ya maelfu ya watu. Huko lengo lilikuwa kuhesabu, na kumruka mtu mmoja ni dosari. Jaribio la utumikaji halihesabu watu. Hutafuta kasoro za tovuti. Kwa hiyo halihitaji sampuli nasibu ya wilaya nzima. Huhitaji watu wachache kutoka kila kundi linalotumia tovuti kwa namna tofauti: kwa mfano watatu au wanne wa barabarani Ndundu na Kibiti, na wengine kama hao wa vijiji vya majini. Kasoro zirekebishwe, kisha jaribio lirudiwe na wengine. Atakayetaka kusema "asilimia kadhaa ya wakazi hushindwa" afanye utafiti wa namna nyingine.

8.0 Mlango wa kuingilia kijijini

Mtafiti haingii kijijini kwa kuruka ua. Hupata kibali cha utafiti kutoka Tume ya Sayansi na Teknolojia, hupita wilayani, kisha kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji. Utaratibu huo ni wa lazima na wa heshima. Hatari yake ni pale viongozi wanapoombwa pia kuwaleta washiriki. Kwa nia njema kabisa, watawaleta wanaojieleza vizuri: mwalimu, mjumbe wa kamati, kijana aliyezoea warsha. Kijiji hakitaki kuaibika mbele ya mgeni. Njia ya busara ni kuomba ruhusa kwa viongozi na kuwatafuta washiriki mahali pengine: gatini Nyamisati wanaposubiri boti, kwa wakala wa pesa za simu, steshenari, na kupitia kwa mshiriki mmoja kumfikia mwingine.

Wakati nao huteua. Msimu wa kuulinda mpunga, familia nyingi huhamia kwenye madungu mashambani. Anayefika wakati huo akawaita waliopo kijijini atakuwa amewateua wafanyabiashara na watumishi bila kukusudia. Hali kadhalika siku ya Ijumaa mchana na mwezi wa Ramadhani vina taratibu zake.

Posho ni suala jingine. Nauli ya boti na fidia ya muda ni haki ya mshiriki, lakini kiwango kikizidi mno ujira wa siku, kitawavuta wasiostahili na kuwafanya waliostahili waone aibu kulaumu. Nicola Dell na wenzake walichapisha mwaka 2012 utafiti uliofanywa Bangalore, India, kwa watu 450. Waliohojiwa walikuwa na mwelekeo mara 2.5 zaidi wa kukisifu chombo walichoamini ni cha mhoji wao, na mara 5 zaidi mhoji alipokuwa mgeni mwenye mkalimani. Adabu ya pwani haipungui hapo. Mgeni akimuuliza mzee "tovuti hii unaionaje?", atajibiwa "nzuri, mwanangu, mmefanya kazi". Ndiyo sababu jaribio hutazama matendo badala ya kuomba sifa, na ndiyo sababu anayeketi na mshiriki asiwe mbuni wa tovuti. Akiwa msemaji wa eneo hilo, mshiriki ataweza kunung'unika kwa lugha anayonung'unikia nyumbani.

Mwisho, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde na kuzitumia kwa kusudi lililotajwa. Katika jaribio la fomu ya mkopo, mshiriki huweza kujikuta akiandika namba halisi ya kitambulisho na simu ya mzazi wake. Apewe taarifa za kubuni za kujazia, aelezwe kwa lugha nyepesi kinachoandikwa, na aambiwe wazi kwamba inayopimwa ni tovuti, na kwamba anaweza kuondoka wakati wowote bila kurudisha nauli.

9.0 Hitimisho

Mhadhara umeonyesha kwamba uteuzi wa washiriki huanza kwa kumtambua mtumiaji halisi, ambaye mara nyingi ni zaidi ya mtu mmoja. Huendelea kwa sifa zinazohusu kazi, chombo, usomaji na rejista ya lugha. Hupimwa kwa maswali ya matendo. Na huweza kuharibiwa na mlango mtafiti anaopitia. Idadi huja baada ya hayo yote.

Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi kubwa katika kazi hii, kubwa kuliko wanavyodhani. Mafunzo ya isimujamii na ya elimu lahaja yanawapa uwezo wa kutambua kwamba watu wawili wanaosema Kiswahili fasaha huweza kulielewa agizo moja kwa njia mbili, na kwamba wote wawili wako sahihi. Taasisi zinazojenga tovuti za umma zingefaidika zikiwaita wataalamu hao mapema, kabla ya maneno kuwekwa kwenye vitufe, na kuwapa nauli ya kufika ng'ambo ya Ndundu. Dirisha la maombi lina siku yake ya kufungwa, na kijana wa Mbuchi aliyekwama kwenye neno "pakia" huhesabiwa pamoja na wale ambao hawakuomba kabisa.